Je, Hadithi za Vita vya Nyota Zina Faida kwa Mwanafunzi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana shuleni muhula huu. Wasomaji watakumbuka kwamba chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo, "Hadithi za vita vya nyota ni upotevu wa wakati wa mwanafunzi." Mimi nilikuwa upande wa kupinga hoja, na tulishindwa. Kushindwa kwa kura si aibu, na nawapongeza walioshinda, maana walisema vizuri kuliko sisi. Lakini tangu siku ile limezuka jambo jingine. Kamati ya maktaba imetangaza kwamba muhula ujao itaamua kama vitabu vya namna hiyo, ambavyo sasa vimejaza rafu mbili karibu na dirisha, vibaki au viondolewe ili ipatikane nafasi ya vitabu vya mitihani. Basi shauri hili si la mdahalo tu tena. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwanza niwaeleze wazazi ambao pengine hawajavisoma vitabu hivi. Ni hadithi za kubuni zenye kutumia sayansi. Mwandishi huwaza kwamba wanadamu wamekwisha kuenea katika sayari nyingi. Huko wamekutana na viumbe wengine wenye akili, au wamegawanyika wao kwa wao katika dola kubwa mbili tatu. Dola hizo huviziana. Zina manowari za angani, zina majeshi, na zina majasusi. Wengi wetu tumeziona sinema za Star Wars, ambazo zilianza mwaka 1977. Mtakumbuka kwamba katika sinema ile ya kwanza waasi walishinda kwa sababu ya ramani za siri zilizoibwa. Na mwaka 2016 ikatolewa sinema nzima, Rogue One, juu ya majasusi walioziiba ramani hizo. Lakini kabla ya sinema vilikuwako vitabu na magazeti ya hadithi, na hivyo hasa ndivyo ninavyovitetea.

Katika mdahalo vitabu hivi vilishtakiwa makosa matatu. La kwanza, ni uwongo mtupu. La pili, vinafundisha kupenda damu. La tatu, vinafundisha ujasusi, yaani hila, kusema uwongo na kusaliti wanaotuamini. Nitayajibu mashtaka haya moja moja, na pale ambapo wapinzani wangu wana haki nitakiri.

Tuanze na uwongo. Ni kweli kwamba hakuna mtu aliyepata kupigana vita baina ya nyota. Lakini sikilizeni kisa hiki, ambacho si hadithi bali ni jambo lililotokea. Machi 1944, Vita Kuu ya Pili vikiwa vingali vinapiganwa, gazeti moja la hadithi la Marekani liitwalo Astounding Science Fiction lilichapa hadithi ya mwandishi Cleve Cartmill, jina lake Deadline. Hadithi yenyewe yasimulia sayari ya mbali ambako mataifa mawili yanapigana, moja laitwa Sixa na jingine Seilla. Jasusi mmoja anatumwa nyuma ya jeshi la adui akaharibu bomu la kutisha kabla halijatumika. Ukisoma jina Sixa kinyumenyume utapata Axis, ambalo ndilo jina la umoja wa Ujerumani, Italia na Japani. Na Seilla utapata Allies, yaani waliopigana nao. Mzaha wa mtoto wa shule, mtasema. Lakini bomu lenyewe halikuwa mzaha. Mwandishi alieleza kwamba lilitengenezwa kwa urani ya namna iitwayo U-235, na kwamba kazi ngumu ilikuwa kuitenga na urani nyingine.

Wakati huohuo serikali ya Marekani ilikuwa ikitengeneza bomu la namna hiyohiyo kwa siri kubwa mno. Basi ikawa kizaazaa. Maofisa wa upelelezi wa jeshi walikwenda kwa mhariri wa gazeti lile, John W. Campbell, wakamwuliza amezipata wapi habari hizi. Na Cartmill naye akahojiwa. Walidhani kwamba katika watu wao yumo msaliti. Campbell, ambaye alikuwa amesoma fizikia chuo kikuu, aliwaeleza kwamba hakuna siri hata moja iliyoibwa. Ugunduzi wa kupasua kiini cha urani ulifanywa Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1938 na Otto Hahn na Fritz Strassmann, na mwaka 1939 ukachapwa waziwazi katika majarida ya sayansi. Mtu mwenye kusoma na kufikiri aliweza kuyaunganisha yaliyobaki. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la U-235 likaangushwa juu ya mji wa Hiroshima, na dunia yote ikajua kwamba hadithi ya Sixa na Seilla haikuwa mbali na ukweli.

Nawaomba wasomaji wapime jambo hili. Jasusi aliyetafutwa hakuwako. Aliyeitoa "siri" alikuwa maktaba! Kama ningetakiwa kutoa hoja moja tu mbele ya kamati yetu ya maktaba ningetoa hiyo. Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao na hayakutugusa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya watu mjini na kazini. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe yale zilipakiwa melini zikapelekwa New York. Waliochimba ni Waafrika wenzetu. Walikuwa karibu na siri kubwa kuliko zote za vita vile, wameishika kwa mikono yao, lakini elimu ya kuitambua hawakupewa. Mimi nikisoma hadithi ya dola za nyota hujiuliza, katika hadithi hii nani anachimba mawe, na nani anajua mawe yanakwenda wapi? Swali hilo si la uwongo.

Sasa nije kwenye shtaka la pili, la kupenda damu. Hapa wapinzani wangu wana haki kwa sehemu, na sitaki kuficha. Vimo vitabu ambavyo ndani yake adui hana jina, hana mama, hana sauti; kazi yake ni kufa tu. Kitabu mashuhuri cha Robert Heinlein, Starship Troopers, kilichotoka mwaka 1959, kina mengi ya kusifiwa. Heinlein alihitimu chuo cha jeshi la majini la Marekani mwaka 1929, akaacha kazi mwaka 1934 kwa ugonjwa wa kifua kikuu, na mambo ya askari aliyajua. Tena shujaa wake si Mmarekani mweupe, bali ni kijana ambaye nyumbani kwao husema Kitagalogi, lugha ya Ufilipino. Hata hivyo adui wa kitabu kile ni viumbe mfano wa buibui wakubwa, na huitwa wadudu. Mwenye kumwua mdudu haulizwi swali.

Neno hilo ni la hatari, na sisi wa sehemu hii ya Afrika tunajua kuliko wengine. Mwaka 1994, kwa jirani zetu wa Rwanda, redio iliwaita watu mende siku baada ya siku, na muda wa miezi mitatu hivi watu mamia ya maelfu waliuawa na majirani zao wenyewe. Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba hataki mwanawe azoee kumwita mwenziwe mdudu, hata katika hadithi, hasemi upuuzi. Namheshimu.

Lakini dawa si kufunga kabati. Dawa ni kukiweka kitabu kingine kando ya kile. Joe Haldeman aliingizwa jeshini mwaka 1967, akapelekwa Vietnam, akajeruhiwa huko. Aliporudi aliandika kitabu kiitwacho The Forever War, kilichotoka mwaka 1974. Shujaa wake, William Mandella, ni mwanafunzi wa fizikia anayechukuliwa kwenda kupigana na viumbe waitwao Taurans, ambao hakuna mwanadamu anayewajua. Wale wanaosoma fizikia wanakumbuka fundisho la Einstein la mwaka 1905, kwamba kwa mtu anayesafiri karibu na mwendo wa mwanga, wakati hupita polepole kuliko kwa waliobaki nyumbani. Haldeman aliichukua kanuni hiyo akaifanya msiba. Askari anakwenda vitani miezi michache, akirudi anakuta nyumbani imepita miaka mingi. Mama amezeeka, desturi zimegeuka, mwishowe hata lugha imebadilika. Hana kwao tena. Anarudi jeshini kwa sababu hakuna mahali pengine anapojulikana.

Vita vile vilidumu miaka 1,143. Vilikwishaje? Havikwisha kwa bomu. Vilikwisha siku ambayo wanadamu na maadui zao walipata njia ya kusemezana. Walipoulizana nani aliyeanza, ikaonekana kwamba mwanzo wake ulikuwa kosa tu la kutoelewana, nao wakubwa wa jeshi walilipokea kosa lile kwa furaha kwa sababu walikuwa wakitaka vita. Miaka 1,143, na maiti wasiohesabika, kwa kukosa swali moja. Je, kitabu kama hiki kinafundisha kupenda damu? Mimi nilipokifunga nilikaa kitandani bila kusema na mtu.

Nitawaambia kwa nini kilinishika namna ile. Kabla ya kuja hapa nilisoma katika shule nyingine ya bweni. Kidato cha pili akaja kijana mgeni, amehamia kutoka mkoa wa mbali, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ambayo hatukuizoea. Wiki chache baada ya kuja kwake, wavulana sita wa bweni letu waliruka ukuta usiku kwenda mjini kutazama mpira, na asubuhi majina yao yote sita yalikuwa mezani kwa mwalimu wa zamu. Tukauliza nani kasema. Hatukufikiri sana. Tulisema, ni yule mgeni, nani mwingine? Tukampa jina la Jasusi. Akiingia bwenini tulinyamaza kimya. Ndoo yake ya maji ya kuoga ilikutwa imemwagwa mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, na mara moja katika hizo aliyeimwaga ni mimi. Muhula ulipokwisha alikwenda kwao, hakurudi tena.

Mwaka uliofuata tulipata habari kwa mlinzi wa usiku mwenyewe, akicheka. Aliwaona wale sita wakirudi, akawamulika tochi mmoja mmoja walipokuwa wakishuka ukutani. Hakuna mwanafunzi aliyesema neno. Katika bweni la watu arobaini, muhula mzima, hakutokea hata mmoja aliyemwendea yule kijana akamwuliza, "Ndugu, ni wewe?" Tulikuwa na dola yetu, tulikuwa na adui wetu, na vita vyetu vilikuwa kosa tu la kutoelewana. Sasa mnajua kwa nini nilikaa kitandani.

Nimefika kwenye shtaka la tatu, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote, nalo ni la ujasusi. Mwalimu wetu mmoja alisema katika mdahalo kwamba askari walau humwendea adui uso kwa uso, lakini jasusi hula chakula cha watu kisha akawauza. Neno hilo lilishangiliwa sana, nami nalikubali. Naomba tu kuongeza jambo moja ambalo halikusemwa. Askari aweza kumpiga adui kutoka mbali maisha yake yote asimjue. Jasusi hawezi. Ni lazima ajifunze lugha ya adui, ajue anavyosalimu, anavyokula, anacheka nini na anaogopa nini. Kwa sababu hiyo, katika hadithi za vita vya nyota, mara nyingi ni siku ile jasusi anapoingia ndipo adui anapoanza kuwa mtu. Anapata jina. Anapata jirani na mwenye nyumba ya kupanga. Hadithi yenye mizinga tupu haina haja ya kumjua adui. Hadithi yenye jasusi haiwezi kwenda bila kumjua.

Mfano wake ni kitabu cha Mwingereza Eric Frank Russell, kiitwacho Wasp, maana yake nyigu, kilichotoka mwaka 1957. Russell alikuwa amehudumu katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kitabu kinaanza kwa fikra moja. Nyigu mdogo akiingia ndani ya motokaa, dereva akababaika kumfukuza, gari huenda likaacha njia na watu wazima wakafa, ijapokuwa nyigu hakuwa na nguvu ya kumwua hata mmoja wao. Basi dunia yetu, ikipigana na dola ya Sirian yenye watu wengi kuliko sisi, inamtuma mtu mmoja, James Mowry, katika sayari ya adui akawe nyigu. Kwa nini Mowry? Kwa sababu alizaliwa na kukulia katika dola ile, na lugha yao aisema kama wao. Wanambadilisha rangi ya ngozi na masikio, wanamwacha porini na masanduku yake. Kazi yake ni kubandika vikaratasi madirishani, kuandika barua za vitisho, kuvumisha habari, mpaka serikali ya adui idhani kwamba kuna chama kikubwa cha siri kinachoipinga, kumbe ni mtu mmoja. Polisi wa siri wanakimbia huku na huku, wanakamata watu wao wenyewe, na nchi inajiuma mkia.

Ni kitabu cha kuchekesha, na ndani yake mna sumu. Nakiri kwamba mwandishi anamfurahia mno shujaa wake, na watu wa sayari ile wasio na hatia wanateseka bila yeye kuhuzunika. Lakini semeni kweli, ndugu zangu: nani katika sisi hajamwona nyigu huyu katika simu yake? Ujumbe unakuja hauna jina la mtumaji wa kwanza. Unasema maji ya mji fulani yametiwa sumu, au kabila fulani linapanga jambo, au mitihani imefutwa. Tunaupeleka kwa watu hamsini kabla ya kumaliza chai. Mtu mmoja amekaa chumbani mwake, na nchi nzima inababaika kama dereva. Aliyesoma Wasp atasita kidogo kabla ya kubonyeza. Atajiuliza, huu ni umati wa watu wanaosema, au ni nyigu mmoja? Kwangu mimi hiyo ni elimu, tena ni elimu ya uraia.

Na je, hadithi hizi zaficha gharama ya ujasusi? Zilizo mbaya zaificha, zilizo nzuri haziifichi. Mwaka 1968 katika mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek ulionyeshwa mchezo uitwao The Enterprise Incident, ulioandikwa na bibi mmoja, D. C. Fontana. Alipata fikra yake katika habari za manowari Pueblo, meli ya Marekani ya kupeleleza, ambayo Korea ya Kaskazini iliikamata Januari mwaka uleule. Baharia mmoja aliuawa, na wenziwe 82 walifungwa miezi kumi na moja. Katika mchezo ule, manowari ya angani Enterprise inaingia mpaka wa dola ya Romulan kwa hila, ili iibe kifaa kinachofanya meli za adui zisionekane. Spock, ofisa ambaye kwa asili ya watu wake hapendi kusema uwongo, anajifanya kuwa anataka kuhamia upande wa adui. Jemadari wa Romulan, ambaye ni mwanamke mwenye akili na heshima, anamwamini. Kifaa kinaibwa, Enterprise inakimbia, na jemadari yule anachukuliwa mateka pamoja nao. Ushindi umepatikana. Lakini mwisho wa mchezo si nderemo. Ni wale wawili, Spock na yule aliyemdanganya, wakiongozana kwenda chumba cha mateka, na wote wawili wanajua kwamba siri za kijeshi zapitwa na wakati upesi, bali imani ikivunjika haiungwi. Methali yetu yasema, njia ya mwongo ni fupi. Mchezo ule waongeza kwamba hata mwongo anayefika salama hafiki kama alivyoondoka.

Kwa hiyo simwombi mtu yeyote avipokee vitabu hivi vyote kama chakula safi. Katika rafu zile mbili vimo vilivyo makapi. Vingine nimevianza nikavirudisha siku ya pili. Naomba tu tujifunze kupepeta. Mimi mwenyewe nimejiwekea maswali matatu, nami nawapa wenzangu wayajaribu. La kwanza: katika hadithi hii, adui anapewa nafasi ya kusema? La pili: ushindi huu amelipia nani, na mwandishi anatuonyesha malipo yake au anayafunika? La tatu: ni nani anayefaidika watu hawa wawili wasipoelewana? Kitabu kinachostahimili maswali matatu hayo kisomwe. Kisichostahimili nacho kisomwe pia, lakini kisomwe na mwanafunzi mwenye maswali hayo mkononi, maana mwenye ungo haogopi pumba.

Kuna wanaosema kwamba hadithi hizi si zetu. Nawajibu kwa mambo mawili. Wazazi wetu wanajua vizuri kwamba Kiswahili si kigeni kwa hadithi za majasusi. Vitabu vya Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona cha mwaka 1974, vilimpa msomaji wa Afrika Mashariki shujaa wake, Willy Gamba, akipambana na majasusi wa maadui wa ukombozi wa Afrika. Nimesikia kwamba wako akina baba, leo wanaotukataza kusoma usiku, ambao walimsoma Willy Gamba chini ya blanketi kwa tochi. Sitamtaja mtu!

Jambo la pili ni hili. Katika manowari ileile ya Enterprise, tangu mwaka 1966, alikuwamo ofisa mmoja Mwafrika, aliyechezwa na Nichelle Nichols, mwanamke mweusi wa Marekani. Jina lake lilikuwa Uhura, nalo lilitokana na neno letu, uhuru. Kwa muda mrefu nilifurahia jina hilo bila kufikiri zaidi. Baadaye nikatazama kazi aliyopewa. Hakuwa mpiga mizinga. Alikuwa ofisa wa mawasiliano; kifaa chake kilikaa sikioni, na kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti zinazotoka mbali gizani, za rafiki na za adui, na kumwambia nahodha zinasema nini. Katika dola zile zote za nyota zenye kuviziana, neno la Kiswahili lilipewa mtu wa kusikiliza. Sidhani kwamba waliompa jina walikusudia hivyo, lakini mimi nimelichukua kama wasia.

Namaliza kwa maombi matatu. Kwa kamati ya maktaba: msiviondoe vitabu vile, kama nafasi ni haba, tuko wanafunzi tulio tayari kutengeneza rafu ya tatu wakati wa kazi za mikono, mbao tu zitafutwe. Kwa walimu na wazazi: msituulize tu tunasoma nini, tuulizeni pia tumeona nini ndani yake, na mkitukuta tumemwita mtu mdudu, hapo tuonyeni kwa nguvu. Kwa wanafunzi wenzangu: someni, halafu andikeni. Hadithi ya dola za nyota iliyoandikwa kwa Kiswahili, na mtu anayekumbuka Shinkolobwe, bado nasubiri kuisoma, na gazeti hili lina nafasi kila muhula.

Na yule kijana tuliyemwita Jasusi, kama kwa bahati gazeti hili litamfikia, ajue kwamba swali tulilopaswa kumwuliza nimelijua sasa, nami naomba radhi kwa maji yale.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita